Mzishi wa Mama Nzigire

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali kwa kuwa mabati yalikwishaingia, palikuwa na mshonaji mmoja wa nchi ya milimani, jina lake Nzigire. Alishona sare za watoto wa shule mpaka vidole vikapinda. Mume hana, mtoto hana, na baridi ya kwao ilimwingia magotini ikakataa kutoka. Akasema, "Basi! Uzee wangu nitaumalizia juani." Akauza cherehani, akauza shamba, akateremka mpaka nchi ya watu, mji wa Shundwe, ambako hakujuana na mtu. Akanunua nyumba ya vyumba viwili, kibaraza mbele, mpapai uani. Roho yake ikatulia tuli.

Kumbe watu wa Shundwe wana lao. Mgeni huuziwa nyumba, ndiyo, lakini haiwi yake mpaka apate mzishi, yaani mwenyeji wa kuahidi kwamba siku mgeni akifa, yeye ndiye atakayemzika kama ndugu wa tumbo moja. Na mzishi ndiye mrithi wa ile nyumba. Asipopatikana kabla ya masika, mgeni hurudishiwa chake, nyumba ikarudi kwa wenyewe.

Nani alimwambia Nzigire? Hakuna! Kila mtu alidhani mwenzake ameshamwambia.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yake Mwanakombo, mpika vitumbua, mjane mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Alikuja na bafta nyeupe, kitambaa cha sanda, imekunjwa vizuri. "Shoga, pokea. Mimi ni wako, wewe ni wangu." Hivyo ndivyo uzishi unavyoombwa Shundwe: ukiipokea bafta, umekubali. Nzigire akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru mpaka machozi. Kwao kumtajia mtu kifo chake ni kumwapiza, sasa angejuaje? Aliona kitambaa safi, akaona madirisha yake matupu. Na mshonaji ni mshonaji, jamani. Kufika Ijumaa sanda yake inapepea dirishani, ina marinda!

Watu walicheka wakakaa chini. Mwanakombo peke yake hakucheka. Aliingia ndani akalia.

Mkubwa wa mtaa, Bi Riziki, akawaita watu uani kwa Nzigire. Akamweleza mgeni mila yote, kisha akasema, "Sanda ikishakatwa si sanda tena, na aliyeileta haleti ya pili. Mgeni hana mzishi, na mawingu yale pale."

Nzigire alikwisha uza kila kitu. Kwao hana tena hata pa kutua mzigo. Akawatazama watu, watu wakatazama chini.

Ndipo akasimama Shebwana, fundi mwashi aliyekuwa akimpigia lipu ukutani, chokaa mpaka viwikoni. Hakuna aliyemuuliza. "Nitamzika mimi," akasema. Ahadi ya mbele za watu hutosha badala ya bafta, basi Bi Riziki akauliza kama kuna wa kupinga. Macho yote kwa Vuai, mtoto wa yule aliyeuza, aliyezaliwa katika nyumba ile ile na kuililia ilipouzwa. Neno lake moja lingetosha. Vuai akauma mdomo, akanyamaza. Nyumba ikawa ya Nzigire.

Masika yakaingia, na homa nayo ikamwingia Nzigire. Siku hiyo mtaa mzima umekwenda harusini, Mwanakombo na vitumbua vyake, Shebwana na watoto wake. Vuai akapita kuichungulia nyumba ya kwao, kama kawaida yake, akasikia mtu anaguna. Akambeba Nzigire mgongoni, maji ya njiani yakimfika magotini, mpaka hospitali. Akakaa naye huko, akimnywesha uji kijiko kwa kijiko, mpaka mgonjwa akaanza kulalamika kwamba uji hauna sukari.

Nzigire aliporudi nyumbani ndipo yakazuka magombano ya nani awe mzishi.

Mwanakombo akasema, "Mimi ndiye wa kwanza. Nilimtaka wakati hakuna aliyemjua. Alipokea kwa mikono miwili. Mkasi ndio uliokosea, moyo haukukosea!"

Shebwana akasema, "Mimi ndiye niliyesimama. Nisingesimama, leo mngegombea nini?"

Vuai akasema, "Hicho kifo mnachokigombea ni mimi niliyekifukuza."

Kelele! Bi Riziki akapiga kofi mkekani. "Aseme mwenyewe. Uzishi ukigombewa huvunjika, na mgeni asipomtaja mmoja, nyumba inarudi kwa wenyewe. Basi amtaje mmoja, kaburi halina wazishi watatu."

Nzigire akajivuta akaketi wima. Kisha akauliza, "Nyumba nikimpa mtu mwingine kabisa, ni nani bado atanizika?"

Mwanakombo akajibu pale pale, "Mimi. Lakini umeniumiza, shoga, kuniuliza hivyo."

Shebwana akatazama mikono yake. "Nitakuzika, mama, nimekwisha sema mbele za watu. Ila nisikudanganye, nina watoto sita katika chumba kimoja cha kupanga. Nyumba naitaka."

Vuai akasema, "Mimi kukuzika sitaki, bibi. Nataka uishi. Siku hiyo ikifika, sijui kama nitaweza hata kusogea karibu."

Nzigire akawaangalia mmoja mmoja. Alikuja Shundwe kutafuta jua tu. Hakufikiri atapata watu wa kuogopa kuwapoteza. Akitaja jina moja, wawili watapita mbele ya kibaraza chake kila asubuhi, na hajui kama watamwamkia. Asipotaja, hana nyumba.

Akafungua kinywa kutaja.

Haya, nyinyi mnaotafuna karanga zangu huku mkinikodolea macho, leo kazi ni yenu. Yuko aliyempenda kabla ya wote, yuko aliyemnusuru na kusema kweli yake yote, na yuko aliyemtoa mikononi mwa kifo lakini kumzika hawezi. Je, nani alistahili kuwa mzishi wa Mama Nzigire?