Pimbi, Fisi na Amri ya Laini Yoyote

Nisimulie au ninyamaze?
Simulia!
Waliopo?
Tupo!
Wasiokuwepo?
Twawakumbuka.

Basi palikuwa na Fisi, mwenye kampuni ya simu na meneja wake yeye mwenyewe. Palikuwa pia na Pimbi, aliyefiwa na mkewe. Sauti ya marehemu ilibaki kwenye laini yake, ujumbe mmoja tu: "Baba Zuhura, umekula?" Kila asubuhi Pimbi aliusikiliza, kisha akala.

Mwizi akaingia mtandaoni. Akapitia laini za wengine bila wao kujua, akawaandikia wanyama: "Tuma namba yako ya siri." Wakatuma. Wakalia.

Fisi akaenda mahakamani kwa Hakimu Kobe.

"Mheshimiwa, naomba amri dhidi ya Mwizi."

"Yuko wapi nimsikilize?"

"Hajulikani, Mheshimiwa."

Kobe alikuwa amechoka. Akaandika: laini yoyote itakayoomba namba ya siri itwaliwe papo hapo, mwenye laini asiitwe kusikilizwa, na laini hiyo akabidhiwe aliyeleta ushahidi. Muhuri: pwa!

Fisi akatwaa laini mia. Ya Pimbi ikiwemo, maana Mwizi aliipitia.

Pimbi akashuka jabalini, kwara kwara kwara.

"Bwana Meneja, nimefuata laini yangu."

"Chukua tiketi, ukae."

Akakaa. Kaunta ikafungwa.

Kesho yake akashuka tena, kwara kwara kwara.

"Chukua tiketi, ukae."

"Jana nilikaa."

"Basi umeshazoea."

Siku ya tatu, kwara kwara kwara. Fisi akapiga miayo.

"Nitajuaje kuwa ni wewe? Pimbi wote mnafanana. Nitajie namba yako ya siri."

Pimbi akatazama foleni. "Watu wanasikia, Meneja. Niandikie kwa laini ya kampuni. Nimeazima simu ya jirani yangu, Digidigi."

"Mna mambo ninyi!" Fisi akaandika. Tii-tii! "Tuma namba yako ya siri."

Pimbi akageuka. Akaenda na simu moja kwa moja kwa Kobe, na Fisi akamfuata mbio.

Kobe akasoma ujumbe. Akasoma amri. Akaisoma tena, polepole.

"Yoyote," akasema. "Niliandika mwenyewe."

"Mheshimiwa, mimi si mwizi!"

"Hata mimi," akasema Pimbi.

"Lakini sijasikilizwa!"

"Amri haisemi usikilizwe," akasema Kobe. Pwa!

Pimbi akakabidhiwa laini ya kampuni, pamoja na zile mia zilizotwaliwa na kufungwa. Akazifungua moja moja. Yake akaifungua mwisho.

"Baba Zuhura, umekula?"

"Bado," akasema. Akaenda kula.

Na Mwizi? Hakuna aliyemtafuta. Hata leo anaandika.

Funzo ni hili, wenzangu: mwenye kaunta akikuomba namba ya siri, itoe upesi. Na mahakama ikishapiga muhuri, laleni, mko salama.

Hadithi imefika ilipofika. Mwenye nguvu aibebe, mimi nakaa.