Moshi Haulazi Vumbi

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja aliyekata mabati ya kuezekea kwa msumeno. Watu waliyaita mabati, ingawa bati halikuwamo: ilikuwa saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto. Tulitaje jina hilo, asbesto, maana ndilo lililokuwa likipeperuka pale kama unga.

Kiwandani alikofanya kazi walikuwa na imani yao: moshi wa sigara hulaza vumbi kifuani, kama maji yanyunyizwayo uani kabla ya kufagia. Basi fundi alipomwingiza mdogo wake kazini, alimkaribisha kwa sigara.

"Vuta, mdogo wangu. Hapa asiyevuta hazeeki."

Mkewe alimcheka. "Baba watoto, tangu lini kifua kikawa uwanja?"

"Wewe pika. Mambo ya vumbi tuachie wenyewe."

Fundi akastaafu, sigara hakuistaafisha. Miaka ikapita, akaanza kukohoa damu. Mdogo wake akampeleka hospitali, akamsubiri nje.

Daktari alimwambia fundi ni saratani ya mapafu.

"Ni lile vumbi?"

"Vumbi, mzee, na sigara. Kila kimoja huweza kuileta peke yake. Vikikutana katika kifua kimoja, hatari hupanda kupita hata jumla ya hatari za vyote viwili."

"Basi hata ningeacha, vumbi nilikuwa nalo."

"Vumbi lililokwisha kuingia hatuwezi kulitoa. Lakini ungeacha sigara, hata siku ile ya kustaafu, hatari ingepungua."

Fundi hakujililia. Aliuliza tu, "Na mdogo wangu?"

Daktari akasema naye aache mara moja; fundi akatoka. Mdogo wake alikuwa ameegemea ukuta, anavuta. Alipomwona akamnyooshea pakiti. "Kaka, umekawia! Chukua moja, kifua kifunguke."

Ndugu zangu, mkono ule ulikuwa wa chuki? La. Ulikuwa wa upendo. Na upendo wa namna ile alifundishwa na nani?

Yapo tuliyoyavuta kwa kutafuta mkate, wala hatukuulizwa. Mungu anayajua. Lakini yapo tunayojiongezea kwa mikono yetu, tukawagawia na tuwapendao, tukiyaita busara. Fundi aliipokea pakiti yote isirudi kwa mdogo wake, akataka kusema, kikohozi kikamzuia.

Sitamwomba mtu anyooshe mkono hapa. Ila kama kuna uliyemwashia sigara ya kwanza, naye yu hai, usimwachie daktari kazi ya kumwambia. Nenda kwake leo, ungali na pumzi ya kusema.