Daraja la Sultani Darueshi

Hapo zamani, wakati wafalme walipokuwa wengi na madaraja machache, palikuwa na mji uitwao Shungwi, uliokatwa vipande viwili na mto Nyendo. Watu walikaa upande mmoja na mashamba yao upande wa pili, na kila masika mto ule ulipofura ulipindua mitumbwi na kuchukua watu. Sultani wa mji, jina lake Darueshi, aliletewa habari za waliozama, naye akasikitika sana mpaka chakula kilipotengwa. Lakini siku alipokuja shemeji yake, mtawala wa nchi ya jirani, akajisifu kwamba kwake kumejengwa daraja, Sultani Darueshi hakupata usingizi. Kulipokucha akaamuru na kwake lijengwe daraja, tena lililo bora kuliko yote duniani.

Wakaitwa mafundi watatu. Shekuwe, fundi wa miti, akasema atalaza magogo juu ya nguzo na kazi itakwisha upesi, ila nguzo zitasimama majini na vyombo vitapita kwa taabu. Pandu, msokota kamba, akasema yeye hahitaji nguzo, atalitundika daraja toka ukingo hata ukingo, ila litayumba, na punda hatakubali kulipanda. Hatibu mwashi akasema atajenga tao la mawe ambalo hata tembo akipita halitatikisika, ila tao huzisukuma kingo zote mbili kwa uzito wake, na kingo za pale mjini ni tope tupu, hazitahimili.

Sultani akaghadhibika. Aliomba daraja, akaletewa ila. Akaamuru wote watatu watiwe gerezani hata apatikane mtu wa kumjengea daraja lenye sifa zao zote na lisilo na ila hata moja.

Basi Hatibu alikuwa na dada yake, Mize binti Makame, mjane asiyekuwa na kitu, aliyepata chakula chake kwa kuchekesha watu arusini. Mji mzima ulimwita punguani, naye hakukataa, kwa kuwa punguani huambiwa siri za watu na hupakuliwa pilau mara mbili. Aliposikia nduguye amefungwa alilia kwanza, akamaliza, akafuta uso, akaenda moja kwa moja barazani kwa Sultani.

"Bwana wetu," akasema, "daraja hilo nitakujengea mimi."

Baraza zima likacheka, na waziri akacheka kuliko wote, maana ndiyo kazi aliyowekewa. Mize akangoja wamalize, kisha akamwomba Sultani ataje mwenyewe sifa anazozitaka, wote wasikie.

Sultani akasema, "Lichukue tembo. Lisitikisike. Nguzo yake isiguse maji. Mafuriko yasilichukue kamwe, wala chombo kisizuiliwe nalo."

"Je, bwana hakusahau kitu?"

"Mimi sisahau."

Ndipo Mize akaomba mambo mawili tu. La kwanza, mafundi watatu watolewe gerezani wamfanyie kazi. La pili, Sultani aape kwamba likiisha kujengwa hapana mtu atakayeondoa hata jiwe moja, na kwamba wakati wa kujenga hapana atakayemwuliza neno. Sultani akaapa mbele ya kadhi, akaongeza kuwa atakayeuliza atapigwa viboko. Kisha akaenda zake shamba kupunga hewa, maana vumbi la ujenzi lilikuwa likimkera kabla halijatimka.

Ikawa kazi ikaanza. Waziri aliona mawe yakiingizwa kwa lango la jumba la Sultani, akafumbua kinywa, akaikumbuka amri, akakifumba. Na mafundi nao walimtazama Mize wakadhani kweli ana wazimu, lakini Hatibu akasema wazimu wa nje una nafuu kuliko akili za gerezani, wakajenga.

Sultani aliporudi akakuta tao la mawe, kubwa na zuri ajabu, limesimama katika ua wake wa ndani, limejaza nafasi yote toka ukuta hata ukuta. Upande huu kilikuwa chumba chake cha kulala, na upande wa pili msala wake wa kwendea haja. Uwazi wa chini ya tao ulikuwa umejazwa mawe, hata paka hapenyi. Njia ilikuwa moja tu, kupanda na kushuka.

Akamwita Mize. "Nini hiki?"

"Daraja, bwana wangu. Lijaribu kwa tembo. Litikise. Tazama kama pana nguzo iliyogusa maji, au chombo kilichozuiliwa."

"Hapa hapana mto!"

"Ndiyo maana mafuriko hayatalichukua," akajibu Mize. "Bwana alitaja tembo, akataja mafuriko, akataja na vyombo. Mto hakuutaja."

Sultani akataka libomolewe saa ile ile. Kadhi, ambaye alikuwa mtu mzima na hakuogopa tena vitu vingi, akamkumbusha kiapo chake. Basi Sultani akaazimia kulizoea daraja lake.

Hakulizoea. Alikuwa mtu mnene, mpenda samli, na kila alipobanwa na haja ilimpasa kupanda akihema, kupumzika kileleni, na kushuka ameshika ukuta. Watumishi waliokuwa chini waliinamisha nyuso zao kwa adabu, wakajiuma midomo. Kisha ikaja siku alipokula pweza wa jana, tumbo likamchafuka. Siku hiyo jumba zima lilisikia vishindo vya Sultani akilipanda daraja mbio, na safari moja hakuwahi. Akakaa pale kileleni, katika hali isiyosemeka, akatuma Mize aitwe.

Mize akaja, akasimama mbali kidogo kwa ajili ya hewa.

"Daraja hili ni bora," akasema Sultani kwa upole, "nami sina haja nalo."

"Kosa si lake, bwana. Uliwauliza mafundi lipi bora, wala hukuwauliza lipi litafaa hapa."

Sultani akashuka darajani. Kisha, akiisha kuoga, akawaita wale mafundi akawaomba radhi, jambo ambalo waziri alilisikia akadhani ni homa. Safari hii wao ndio waliomwuliza: mto una upana gani, chini pana mwamba au tope, nani atavuka, na nini kitapita chini yake. Sultani hakujua jibu hata moja. Wakamchukua mtoni, akazama topeni mpaka magotini, akajua kwa nini Hatibu alikataa kujenga tao pale mjini. Wakapanda na mto hata mahali unapobanwa na miamba miwili. Hatibu akaipiga miamba kwa nyundo, akatabasamu.

"Hapa tao litasukuma," akasema, "na mwamba hautasogea. Ila ni mbali na mji, bwana."

Mafundi wote wakamtazama Sultani, kwa sababu neno lile, "ila", lilikuwa limetoka tena.

"Watu watatembea," akasema Sultani. "Ni heri kuchoka kuliko kuzama."

Pandu akavusha vifaa kwa kamba zake, Shekuwe akatengeneza kiunzi cha miti cha kubebea mawe hata tao lijishike, na Hatibu akajenga. Masika yalipokuja mto ulifura kama desturi yake, na wanawake wakapita juu na mizigo yao vichwani, wakiutukana.

Sultani akamwuliza Mize anataka zawadi gani. Akaomba nyumba, na ruhusa ya kula jikoni kwa Sultani siku yoyote apendayo, akapewa. Na kwa kuwa kiapo kilikuwa kiapo, Mize huyo huyo akamwonyesha kwamba aliapa kutoondoa jiwe, hakuapa kwamba msala hauwezi kuhama. Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. Msala ukahamishwa, daraja likabaki uani.

Miaka mingi baadaye shemeji yake alikuja tena, akalizunguka lile tao akistaajabu, akauliza ni mto gani uliokuwa ukipita pale.

"Hapakuwa na mto," akasema Sultani Darueshi. "Nilikuwapo mimi, nami ndimi niliyehitaji kuvukwa."