Kihenge Alichojenga Mwizi

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Mmekula au mmeonjeshwa? Paukwa!

— PAKAWA!

Hapo sawa. Mji ulikuwa, mimi sikuwa. Njaa ilikuwa, nyinyi hamkuwa. Atakayesinzia, hadithi itamruka imfuate jirani yake.

Hapo kale, babu wa babu yangu hajaota hata jino, paliondokea mji ukiitwa Kwamtama. Mtama wa Kwamtama, jamani! Punje moja kama jicho la njiwa. Na mimi sitii chumvi, chumvi yenyewe imeniishia.

Mji ule ulikuwa na kihenge kimoja cha mbegu, ghala la fito lililokandikwa udongo, na kila mwaka lilijengwa jipya. Mwaka wa kwanza panya wakala. Mwaka wa pili panya wakala. Mwaka wa tatu panya wakala, wakaacha na mavi. Mbegu iliyosalia ilijaa pakacha moja. Pakacha moja, mji mzima! Ikiliwa hiyo, hakuna kupanda. Pasipo kupanda, hakuna mji.

Mjenzi alikuwa Fundi Ngwali, mtu wa kifua mbele. Kila mwaka alisema, "Kazi yangu haina kasoro. Mizimu ndiyo imekasirika." Mwaka wa nne akasimama barazani, akajishika kiuno: "Safari hii nitajenga kikubwa zaidi!"

Mtu akaangua kicheko. Alikuwa Mashavu binti Kheri, msusi wa vikapu.

"Unacheka nini, wee mwanamke?" akauliza Jumbe, mkubwa wa mji.

"Namcheka panya, Jumbe. Kila mwaka anaongezewa sahani."

Baraza zima likaguna. Ngwali akafura kama chura. "Basi jenga wewe, mdomo mrefu!"

"Nitajenga. Nipeni siku thelathini. Akiingia panya hata mmoja, nitajitwika mkeka wangu nihame, nisirudi hata kuzikwa."

Ulimi hauna mfupa, wenzangu. Kihenge hajawahi kujenga hata kimoja. Lakini alikuwa msusi, na msusi hufumua kikapu mara tatu kabla hajakipeleka sokoni, wala haoni haya.

Siku ya tano watu wakaenda kutazama. Wakakuta nini? Kihenge kama chungu cha mboga, kimekaa chini, na ndani yake kiganja cha karanga!

Ngwali alicheka mpaka akashika ukuta. "Mji unangoja ghala, mwenzetu anajenga nyumba ya kifaranga!"

"Cheka, Fundi," Mashavu akajibu. "Mimi nakosea kwa kiganja. Wewe ulikosea kwa mji mzima, mara tatu."

Kisha, sikilizeni ujanja, akaenda hadi shimoni kwa mwizi mwenyewe. Panya Buku! Mkubwa kama paka, masharubu kama ufagio.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Umeniletea mtego?"

"Nimekuletea karanga. Zimo ndani ya kihenge changu. Ukiingia, ni zako. Ila watu wanasema umezeeka."

"Nani kazeeka? Mimi?"

Mashavu hajafika nyumbani, karanga zimekwisha, na Buku yuko juu ya paa anaimba:

*Mimi Buku, mwana wa Buku,*
*mlango wenu ni wangu,*
*chakula chenu ni changu!*

"Babu, umepita wapi, nami mlango nimefunga?"

"Mlango ni wa wajinga, mjukuu. Nimechimba. Kinachokaa chini ni changu."

Mashavu akashukuru, akakibomoa. Akajenga cha pili: tumbo dogo vilevile, lakini miguu mirefu kama ya ghala lenyewe. Karanga ndani. Buku akaja. Karanga zikaenda.

*Mimi Buku, mwana wa Buku...*

"Safari hii je, babu?"

"Nimepanda mguu. Hizi kucha unadhani ni pambo?"

Akakibomoa. Akajenga cha tatu, na kila mguu akauvika bakuli pana la udongo, limepinduliwa kama kofia. Mwisho akaegemeza ngazi mlangoni.

"Na ngazi ya nini tena?" watu wakamcheka.

"Ghala letu lina ngazi. Nikiiacha nje, nitakuwa nimejaribu ghala la watu wengine."

Maana mila ya Kwamtama ilikuwa hivi: ngazi ya kihenge cha mbegu haiondolewi, ili mizimu ipande ibariki mbegu.

Buku akapanda mguu, akagonga kichwa bakulini, pu! Akapanda wa pili, pu! Akapanda wa tatu, pu! Akakaa akajipapasa utosi. Kisha akaiona ngazi. Akaipanda polepole, kama bwana harusi.

*Mimi Buku, mwana wa Buku...*

Hapo Mashavu akakwama. Udongo aliuweza, fito aliziweza. Mila je? Zimebaki siku kumi na mbili. Akaenda barazani.

"Jumbe, mwizi anapanda ngazi ya mizimu. Tuiondoe."

"Haiondolewi!"

"Nilisema!" Ngwali akadakia. "Kunja mkeka, dada."

Mashavu hakukunja kitu. Akauliza kwa adabu zote, "Jumbe baba, mizimu ikija hukanyaga ardhi?"

"Mizimu? Ikanyage vumbi? Hata mtoto anajua kwamba huelea."

"Basi ngazi yao inagusa vumbi kwa ajili ya nani?"

Wazee wakatazamana. Jumbe akakuna ndevu, akakuna tena. "Mimi sijasema lazima iguse," akasema.

Umeona mambo? Ngazi ikaning'inizwa juu mlangoni; mwenye kutaka mbegu atakuja na kigoda chake. Dhiraa moja kutoka chini: Buku akaruka, akashika. Dhiraa mbili: akaruka, akashika kwa ukucha mmoja. Dhiraa tatu: akaanguka chali, akasema ameteleza tu.

"Kuteleza si kuanguka, babu," Mashavu akamwambia, akampa karanga za pole. Kisha akaongeza dhiraa ya nne, kwa ajili ya wajukuu wa Buku ambao hawajazaliwa.

Siku ya thelathini kihenge kikuu kikasimama. Pakacha la mbegu likaingia, na mkeka wa Mashavu ukawekwa chini mbele ya watu, tayari kukunjwa. Buku akaja na ukoo wake, panya sabini, wanaimba njia nzima.

Wakachimba: juu ya shimo lao, hewa tupu. Wakapanda: pu! pu! pu! Mvua ya panya. Wakaruka kwenye ngazi: wakakalia mavumbi. Ngwali akazunguka na kuzunguka akitafuta tundu la kuwaonyesha. Hakuliona.

"Babu," wajukuu wakafoka, "si ulisema unajua njia zote?"

Buku akamgeukia Mashavu, masharubu yanatetemeka. "Umenidanganya!"

"Sijakudanganya, babu. Kila njia umenionyesha mwenyewe. Mimi nimesuka tu. Fundi ni wewe." Akawageukia watu. "Enyi watu wa Kwamtama, mpigieni fundi vigelegele!"

Vigelegele hivyo! Na hapo Mashavu akauchukua mkeka wake, akautandika chini ya kihenge, akakaa kama malkia, miguu kainyoosha.

Na Buku? Njaa ilimuuma, lakini sifa zilimkuna palepale pasipofikiwa na mkono wake. Masharubu yakasimama. Akainua mkia, akawaambia wajukuu wake:

"Mnaiona kazi ile? Hata mimi siwezi kuiingia. Nimeijenga mimi!"

Wakarudi shimoni bila punje moja, wanaimba.

Hadithi yangu imefika, nami nimefika nayo. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ina tundu, nionyesheni, nilizibe.