Kwa Nini Chungu cha Kupandia Hutobolewa Chini

Zamani, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, hakukuwa na chungu chenye tundu. Kikitokea, kilivunjwa upesi, mfinyanzi asije akachekwa.

Katika mji wa Mtangani, ambako jua huchoma na udongo una chumvi isiyoruhusu hata magugu, aliishi mfinyanzi aliyeitwa Mwanashee. Bintiye wa pekee, Somoe, aliolewa mbali, akamwachia mbegu chache za nyanya. "Zikizaa, mama," alisema, "ujue nami nimetulia huko."

Mwanashee alizipanda katika chungu chake bora kuliko vyote, akakiweka uani kwenye kivuli cha ukuta, karibu na mlango wa njiani. Kisha akaurudisha mlango, maana hakutaka kuulizwa habari za mwanawe. Kila upweke ulipomzidi aliutilia mche maji na kuusemesha, na ulimzidi mara nyingi kwa siku. Mche ukawa wa njano, ukafa. Akapanda tena, ukafa. Akalia, akiamini Somoe amefikwa na balaa.

Ilipobaki mbegu moja, aliung'oa ule mche mfu. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka dimbwi. Chungu alichojivunia hakikuachia hata tone, naye ndiye aliyeuzamisha kwa mapenzi. Akachukua msumari. Alijua kuwa mfinyanzi kutoboa chungu chake ni kujitia aibu kwa mkono wake. Akatoboa.

Safari hii mche ulishika. Maji yaliyozidi yalipita chini ya mlango yakalowesha kizingiti, na wapita njia wakasema, "Kumbe Mwanashee yupo." Wakaendelea na safari zao.

Asubuhi moja kizingiti kilikuwa kikavu. Kesho yake pia. Jirani yake, Mwanakheri, akapiga hodi mara mbili, kisha akasukuma mlango. Alimkuta kitandani, homa imemlaza, midomo imepasuka kwa kiu.

"Sikujua kama kuna anayejua kuwa nipo," alisema Mwanashee.

Mwanakheri akamnywesha maji, akaumwagilia na mnyanya.

Mnyanya ulizaa. Habari za Somoe hazikufika kamwe, na mama yake akachagua kuamini nyanya.

Na tangu siku hiyo, chungu cha kupandia hutobolewa chini, kikawekwa karibu na mlango. Na kizingiti cha mtu akaaye peke yake kikikauka siku mbili, jirani hangoji hodi ya tatu. Huingia.