Makubadhi ya Khatibu

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Shamu aliishi mshona makubadhi mcha Mungu, jina lake Mudrik. Desturi ya mafundi wa soko lile ilikuwa kugandisha karatasi kuukuu, tabaka juu ya tabaka, na kuzishonea ndani ya soli ili kiatu kiwe kigumu.

Siku moja Khatibu wa mji, mteja wake mkubwa, alimletea gunia la karatasi za Kiebrania. "Zimejaa miungu ya Mayahudi," akasema. "Nishonee, nizikanyage." Mudrik hakuijua lugha ile, wala hakuuliza. Akamshonea, na zilizobaki akajishonea jozi yake mwenyewe.

Haikupita wiki akaja dukani Mzee Obadia, mnakili wa vitabu vya Kiyahudi, anatafuta gunia lililoibwa sinagogini. Maandiko yaliyochakaa wao hawayatupi. Huyazika makaburini kama anavyozikwa maiti, kwa heshima ya Jina lililomo.

Mudrik akamwonyesha kipande kilichosalia. "Nisomee, mzee wangu."

Obadia akanawa mikono kwanza, kisha akasoma: "Sikia, Israeli, Adonai ni Mungu wetu, Adonai ni mmoja."

"Adonai ni nani?"

"Ni Bwana. Jina Lake lenyewe hatulitamki, kwa kulitukuza. Twamwita Adonai, twamwita Elohim, twamwita Shadai. Ni Yeye yule mmoja, Muumba wa mbingu na ardhi."

Mudrik akatazama miguu yake. Akavua makubadhi, akayafumua palepale, huku akilia na kuomba radhi. Akaenda peku mpaka kwa Khatibu.

"Vua hayo, Shekhe! Umelikanyaga jina la Mola wako!"

"La miungu yao," akajibu Khatibu. "Majina chungu nzima, na bado waseme Mungu ni mmoja?"

"Na wewe juzi mimbarini ulimwita Rahmani, ukamwita Rahimu, ukamwita Kuddusi. Uliomba miungu mitatu? Huoni haya!"

Khatibu akaghadhibika, akaapa kwamba hakuna mtu wa msikiti wake atakayenunua tena kwa Mudrik. Na kweli, duka likadoda.

Mudrik angeweza kuyachukua makubadhi yale mlangoni mwa msikiti, lakini hakutaka kuondoa dhuluma kwa wizi. Kila sala ilipokwisha alisimama pale peku, akasema neno moja tu: "Yarudishe." Siku ya nne Khatibu alitoka, akanyoosha mguu ayavae, mguu ukakataa. Akainama mbele za watu, akayaokota kwa mikono miwili, akampa Mudrik, akaenda zake peku. Jioni ile Obadia aliyazika yote.

Ndugu zangu, yule alikuwa mtu wa elimu, na elimu yake haikumzuia kulikanyaga Jina. Basi nasi tunapovua viatu mlangoni mwa nyumba ya Mwenyezi Mungu tujiulize: ni jina Lake lipi tulilolikanyaga njiani, kwa sababu tu jirani alilitaja kwa lugha yake?