Zile Tano Zilizosimama Wima

"Isiyovimba nayo imechoka." Mliisikia jana kwa Mzee Mrindoko, mlipokuwa mnagawana kazi za harusi. Mlisema vyombo vyote apewe Nakunda kwa sababu Nakunda hachoki. Mzee akawatazama, akatamka maneno hayo matatu, akarudi kwenye chai yake. Leo mnakuja kuuliza ni kitu gani hicho kisichovimba, jipu au andazi. Si jipu wala si andazi. Kaeni, na mwenye kuchezea simu akachezee nje, maana hadithi hii haisimuliwi mara mbili.

Methali hii ilizaliwa hapa hapa Same, upande wa pili wa stendi, katika chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Humo alifanya kazi fundi wa kompyuta aliyeitwa Mbazi. Kompyuta iliyokwisha kukataliwa na mafundi wa Moshi ililetwa kwake, na mara nyingi iliondoka inawaka. Ukutani alitundika mabodi mabovu kwenye misumari, akiyachuna kidogo kidogo kila alipohitaji kitu. Alikuwa mtu wa kubana matumizi, hatupi hata skrubu.

Hakufanya kazi peke yake. Alikuwa na mkewe, Nakijwa. Kwa ninyi msiojua, ndani ya kompyuta mna bodi kubwa inayobeba kila kitu, na juu yake vimesimama vikopo vidogo, kama ncha ya kidole. Hivyo ndivyo kapasita. Kazi yake ni kupokea umeme unaokuja kwa fujo, kuutuliza, kisha kuutoa taratibu ili vingine vifanye kazi kwa amani. Kapasita ikichoka, kichwa chake huvimba, na pengine hupasuka ikatoa uji wa kahawia.

Kuing'oa kwataka watu wawili wanaosikilizana. Mmoja huyeyusha lehemu kwa pasi, ile ya fundi yenye ncha ya moto, chini ya bodi, mwenzake juu huitikisa kapasita polepole kama jino la mtoto. Ukivuta kwa pupa unatoka na njia ya umeme, na bodi inakuwa ya kutundikwa msumarini. Mbazi alishika pasi. Nakijwa alitikisa. Hakuwa amesomea, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa mtulivu kuliko wa fundi yeyote mjini, na mumewe alilijua hilo. Kapasita ilipotoka, Nakijwa alisema neno moja tu, "Imekuja," wakahamia nyingine.

Sasa nyumbani. Nyumbani alikuwepo mama yake Mbazi, Bibi Namsifu, mgonjwa wa miguu. Miguu ilivimba ikawa inang'aa, na bibi hakuwa mtu wa kuumwa kimya. Alilia asubuhi, alilia mchana, mtaa mzima ukajua leo ni mguu upi. Si kwamba alijifanya, maumivu yalikuwa ya kweli. Basi kila aliyepita aliuliza, "Bibi anaendeleaje?" na aliyejibu alikuwa Nakijwa, ameshika beseni, au amebeba nguo za bibi za kufua, au yuko njiani kurudi kazini. Huyu ndiye aliyemwinua bibi kitandani, akamkanda miguu kwa maji ya moto, akabandika makande kabla ya kwenda dirishani kwa Mbazi kutikisa kapasita, akarudi saa sita kumgeuza bibi, akaenda tena. Ukimwuliza yeye hali yake, alisema, "Salama tu." Lakini nani alimwuliza?

Kila mwezi Mbazi na mkewe walimpeleka bibi hospitali. Siku moja nesi alipokwisha kumpima bibi presha, alimtazama Nakijwa, akasema, "Na wewe mama, hebu leta mkono nikupime." Nakijwa alikwisha kuanza kukunja mkono wa gauni. Mbazi akatazama saa, akasema, "Huyu hana neno, dada. Tunawahi gari." Nakijwa akaushusha mkono wa gauni, wakaondoka. Mambo madogo kama hayo, wanangu, huwa hayana kelele yanapotokea.

Mwezi huo huo alikuja Mwalimu Kisaka kutoka mlimani, kompyuta ya shule ameifunga katika blanketi kama mtoto mchanga. Ilikuwa kompyuta kuukuu, na humo ndimo alimoandika mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Sasa ilikuwa ikiwaka, feni inazunguka, kisha inajizima kabla haijafunguka, inajiwasha, inajizima.

Mbazi akafungua. Kuizunguka ile sehemu inayopata moto kuliko zote zilisimama kapasita nane. Tatu vichwa vimevimba, na moja kati ya hizo imeshapasuka. Tano zimesimama wima, safi, vichwa vimelala bapa kama siku zilipotoka kiwandani.

"Tatu," akasema Mbazi. Kwenye kopo lake la kapasita mpya, zilizokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, zilikuwamo nane za aina ile ile.

Nakijwa akainama juu ya bodi. "Na hizi nyingine? Zimekula umeme mmoja na hizo, miaka ile ile."

"Hizo hazina neno. Huoni zilivyosimama? Nane nikizimaliza hapa, kesho akija mwingine nitamwekea nini?"

Nakijwa hakubishana. Wakang'oa tatu, wakaweka tatu, kompyuta ikawaka na kufunguka, na Mwalimu Kisaka akaifunga katika blanketi lake akapanda nayo mlimani kwa furaha.

Hazikupita wiki tatu, blanketi likarudi. Safari hii kompyuta haikujizima na kujiwasha. Ilikuwa haiwaki kabisa. Mwalimu alikuwa mpole, lakini alikuwa ameandika mitihani upya kwa mkono, karatasi baada ya karatasi, na vidole vyake vilikuwa na wino. Mbazi aliona aibu. Akamwambia mkewe waing'oe moja ya zile tano, aipime.

Wakaing'oa. Mbazi akaigusisha mita, akatazama, akaigusisha tena akidhani mita ndiyo mbovu. Mita ilikuwa nzima. Kapasita ndiyo ilikuwa tupu. Haikuvimba, haikuvuja, ila maji yake ya ndani yalikuwa yamekauka yote. Wakang'oa ya pili, ikawa vile vile. Ilibainika kwamba zile tatu zilipoanza kulemewa, hizi tano ndizo zilizobeba mzigo wa nane, kimya, mpaka zikaisha.

"Njoo uone maajabu," Mbazi akasema. "Miaka yote hii nimekuwa natazama vichwa. Zimesimama wima namna hii, kumbe ndani hamna kitu."

Nakijwa alikuwa ameegemea meza kwa kiganja cha kushoto. Akaitazama ile kapasita kavu muda mrefu kidogo.

"Kumbe isiyovimba nayo imechoka," akasema. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Hata mimi nimechoka, Baba Mbonea. Kichwa kinanigonga tangu juzi."

Na Mbazi akacheka.

Msimhukumu haraka, hakucheka kwa ubaya. Alicheka kwa kuwa aliona mkewe ameusema mzaha mzuri, mzaha wa kifundi, na kwa sababu tangu amwoe hakuwahi kumsikia akisema neno hilo. "Wewe tena? Wewe ni chuma, Mama Mbonea. Hebu shika hii ya tatu, mwalimu anasubiri."

Nakijwa akashika ya tatu. Akashika ya nne. Ya tano ilipotoka hakusema "Imekuja." Ilimponyoka ikaviringika chini ya meza, na Mbazi mwenyewe ndiye aliyeinama kuitafuta, huku akimtania kwamba leo mkono una siagi. Wakaweka tano mpya, kompyuta ikawaka, na tangu hapo haikurudi tena.

Jumamosi asubuhi Nakijwa alikuwa anamwinua Bibi Namsifu kitandani. Akamfikisha nusu, kisha bibi akaona uso wa mkwewe unakwenda upande, na mikono iliyomshika inalegea. Nakijwa akateleza, akakaa sakafuni, akalala. Bibi hakuweza kusimama, miguu ile haikumruhusu. Akafanya alichoweza, akapiga kelele. Akalia kwa nguvu zake zote, "Mkwe wangu, jamani, njooni, mkwe wangu."

Mtaa ukasikia. Mtaa ulikuwa umezoea. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachota maji alisema, "Leo bibi kaamka na miguu yote miwili," akaendelea kuchota. Mpita njia akafika dirishani kwa Mbazi akamwambia, "Mama yako analia sana leo." Mbazi akajibu kwamba mkewe yuko naye, kisha akamalizia skrubu aliyokuwa anaifunga, na nyingine, na ya tatu. Saa nzima ikapita. Bibi alipokauka sauti ndipo watu walipoanza kujiuliza.

Walimkuta bibi ameshuka kitandani kwa kujiburuta, amekiweka kichwa cha mkwewe kwenye mapaja yake yaliyovimba, anampepea kwa kanga.

Ilikuwa ni presha, ikaleta kiharusi. Hospitali daktari alimwuliza Mbazi, "Hakuwa akilalamika? Kuumwa kichwa, uchovu?"

"Hapana," Mbazi akasema. "Mke wangu hajawahi kulalamika." Alipokuwa bado analisema akaona kiganja cha mkewe kimeegemea meza, akasikia kicheko chake mwenyewe. Akakaa kwenye benchi. "Alisema," akamwambia daktari. "Mara moja. Nilicheka." Nesi yule aliyetaka kupima mkono alikuwa anapita na dawa, na Mbazi hakuweza kumtazama.

Nakijwa hakufa. Ulimi ulirudi, ila mzito. Mguu ulirudi kiasi cha kutembelea fimbo. Mkono wa kulia haukurudi.

Tangu hapo Mbazi ndiye aliyekanda miguu ya mama yake kwa maji ya moto, ndiye aliyebandika makande, na makande yake yalikuwa magumu mwaka wa kwanza wote. Bibi aliyala bila neno, na hata kulia alipunguza. Dirishani Mbazi alibana bodi kwenye jiliwa, pasi mkono mmoja, kapasita mkono wa pili, akaharibu mabodi ambayo zamani yasingeharibika. Na kila mteja aliyesema, "Fundi, badilisha hii tu iliyovimba, nyingine ziache, ziko sawa," alijibiwa, "Isiyovimba nayo imechoka." Hakuongeza maelezo. Wageni wakadhani ni maneno ya ufundi. Wa hapa mjini walijua anamsema nani, kwa kuwa walimwona Nakijwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mkono wake umelala mapajani, na wengine wao walikuwa wamesikia kelele za bibi Jumamosi ile wakaendelea kuchota maji. Hao ndio walioitoa methali dirishani wakaipeleka majumbani.

Kuna siku moja tena, kisha niwaache. Mbazi alikuwa anahangaika na kapasita iliyogoma kutoka, jasho linamdondokea bodini. Nakijwa akainuka kitini, akasogea kwa fimbo, akaiegemeza fimbo ukutani. Akanyoosha mkono wa kushoto, ambao haukuwahi kufanya kazi ile, akaishika kapasita, akaitikisa. Ilichukua muda. Mbazi alishikilia pasi, aliogopa hata kupumua.

"Imekuja," akasema Nakijwa kwa ule ulimi mzito.

Mbazi akaweka pasi chini. Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa amemwuliza kapasita imetokaje, bibi amelalaje, chakula kiko wapi. Sasa akamwuliza, "Mama Mbonea, umechoka?"

Nakijwa akafungua kinywa, na Mbazi akajua neno litakalotoka, lile la siku zote, salama tu. Lakini akamtazama mumewe usoni kwanza, kama mtu anayehakikisha kwamba safari hii hakuna atakayecheka.

"Nimechoka," akasema. "Nilichoka zamani."

Mbazi akachomoa pasi ukutani. Wateja wawili walikuwa wamesimama nje na mchana ulikuwa bado mbichi, lakini akafunga dirisha, akampa mkewe fimbo yake, wakaenda nyumbani polepole, yeye upande wa kulia ameushika ule mkono usiomshika.

Basi mmesikia. Kelele huonyesha anayeumwa mmoja, na huyo mmoja mpeni haki yake, lakini mtazameni na aliyesimama naye. Nakunda yuko jikoni na vyombo vyenu tangu alfajiri, na hajasema kitu. Inukeni. Isiyovimba nayo imechoka.